Lugha na Wasomaji: Mazoea ya Zamani Husemwaje kwa Kiingereza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana ninayeongoza watalii hapa Bagamoyo, kuanzia Mji Mkongwe hadi kwenye magofu ya Kaole. Karibu kazi yangu yote ni kueleza mambo ya kale: watu walivyoishi, misafara ilivyofika kutoka bara, wapagazi walivyobeba pembe za ndovu. Juma lililopita nilikuwa na kundi la wageni, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mtu mzima aliyesema kuwa amefundisha Kiingereza kwa miaka mingi. Tulipomaliza matembezi aliniita kando, akaniambia kwa upole kwamba sentensi zangu tatu zilimpotosha. Ya kwanza ilikuwa "The porters were used to carry ivory". Ya pili ilikuwa "Bagamoyo would be the capital of the Germans". Ya tatu niliisema mbele ya nyumba moja ya kale: "A rich merchant was living here and he was selling cloth". Alinipa sentensi zilizo sahihi, lakini gari lao lilikuwa likisubiri na sikupata kuelezwa sababu. Shuleni tulifundishwa kwamba "used to" na "would" ni kitu kimoja. Naomba unifafanulie. — Mwongoza watalii, Bagamoyo.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu makosa yako matatu yana mizizi mitatu tofauti, na mmoja kati ya mizizi hiyo umo katika Kiswahili chetu wenyewe. Nitaanza na huo, yaani sentensi yako ya tatu.

Kwa Kiswahili tunasema "tajiri huyu alikuwa akiuza nguo", na umbo hilo moja hubeba mizigo miwili bila kulalamika. Laweza kumaanisha kwamba saa fulani, tuseme pale mgeni alipobisha hodi, tajiri alikuwa katikati ya kuuza nguo. Na laweza pia kumaanisha kwamba kuuza nguo ndiyo iliyokuwa kazi yake miaka nenda miaka rudi. Sisi hupambanua maana hizo kwa kusikiliza maneno yaliyotangulia na yanayofuata, wala hatuoni tabu. Kiingereza kimeigawa mizigo hiyo kwa wapagazi wawili. "He was selling cloth" hubeba ule wa kwanza peke yake: kitendo kilichokuwa kikiendelea wakati jambo jingine lilipotokea. Kwa hiyo uliposema hivyo, yule mama alibaki akisubiri uendelee, umwambie ni nani aliyeingia au ni kitu gani kilichotokea tajiri akiwa dukani. Wewe ukanyamaza na kuelekea nyumba ya pili, ukamwacha na nusu ya hadithi mkononi. Na neno "was living" lilimpotosha zaidi, kwa kuwa katika Kiingereza kitenzi cha kuishi kikiwekwa katika umbo hilo huashiria makao ya muda, kama ya mtu aliyepanga chumba kwa miezi michache huku akitafuta pengine pa kuhamia. Nyumba uliyokuwa ukiionyesha ilikuwa maskani ya mtu, naye akamdhani mpita njia.

Ungeweza kusema "A rich merchant lived here and sold cloth", na hapo ungekuwa salama kabisa. Watu wetu wengi wana hofu na wakati uliopita wa kawaida, wakidhani kwamba ni wa kitendo kilichotendwa mara moja tu, kama "alifungua mlango". Sivyo. "He sold cloth" yaweza kuwa ya mara moja au ya miaka 30. Kinachoamua ni maneno yanayoizunguka sentensi. Ukiongeza "every day" au "in the dry season", mazoea yamekwisha kuonekana na huhitaji pambo jingine. Laiti wanafunzi wetu wangeanza na umbo hili jepesi kabla ya kukimbilia maumbo yenye maneno mengi, makosa mengi ninayoyasahihisha kila mwaka yasingekuwapo.

"Used to" huongeza mambo mawili juu ya hilo. Kwanza, husema wazi kwamba jambo lilikuwa likirudiwarudiwa, au hali ilikuwa ikidumu. Pili, humdokezea msikilizaji kwamba leo haliko tena. Ukisema "He used to sell merikani here", unamwambia mgeni kwamba kile kitambaa kilichopata jina lake kwa kuletwa kutoka Marekani, ambacho misafara ilikitumia kama fedha, kiliuzwa hapo kwa mazoea na hakiuzwi tena. Ndiyo maana umbo hili linaifaa sana kazi yako: mtu anayesimama mbele ya gofu anasimulia habari za vitu ambavyo havipo, na "used to" hutimiza nusu ya usimulizi huo kwa maneno mawili.

Hata hivyo, lina mipaka, na hapa wengi hujikwaa. "Used to" haikubali kupewa jumla. Huwezi kusema "He used to live here for twenty years", wala "He used to go to Zanzibar four times", kwa sababu ukishataja miaka yote au safari zote umelifunga jambo na kulihesabu, na jambo lililohesabiwa likaisha husemwa kwa wakati uliopita wa kawaida: "He lived here for twenty years", "He went to Zanzibar four times". Lakini "four times a year" inakubalika, kwa kuwa hapo hujataja jumla; umetaja mwendo wa mazoea yenyewe.

Tena usidhani kwamba jambo likichukua muda mrefu limekuwa mazoea. Nina hakika kwamba huwapeleka wageni wako kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwasimulia jinsi mwili wa David Livingstone ulivyofikishwa Bagamoyo mwezi Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi kutoka kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, alikofia Mei 1873. Safari ile ilikuwa ndefu mno, kila siku walinyanyua mzigo uleule na kutembea, lakini ilikuwa safari moja. Sema "They carried his body to the coast". Ukisema "They used to carry his body", mgeni atashtuka, kwani utakuwa umemwambia kwamba walikuwa na desturi ya kuubeba mwili huo mara kwa mara.

Sasa nije kwenye sentensi yako ya kwanza, ambayo ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa kuwa kosa lake linaugeuza ukweli wa historia. Ziweke pamoja sentensi tatu hizi na uzisome taratibu. "The porters used to carry ivory": wapagazi walikuwa wakibeba pembe za ndovu. "The porters were used to carrying ivory": wapagazi walikuwa wamezoea kubeba pembe za ndovu, hawakuona ugeni. "The porters were used to carry ivory": wapagazi walitumiwa kubebea pembe za ndovu. Ya tatu ndiyo uliyoisema. Neno dogo "were" limekifanya kitenzi kuwa cha kutendwa, likamgeuza mpagazi kuwa chombo mkononi mwa mtu mwingine, kama punda au mkokoteni.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba Wanyamwezi wengi walioshuka pwani na misafara walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao, mara nyingi kwa nguo, na waliojivunia kuifahamu njia ya kutoka Unyanyembe hadi baharini. Watu hao hawakutumiwa, walifanya kazi. Wapo pia waliobebeshwa mizigo kwa nguvu, mateka na watumwa, na kwa hao "were used" si kosa hata kidogo, ingawa "were forced to carry" ingesema kweli kwa uwazi zaidi. Kwa hiyo kila unapofika mahali hapo katika maelezo yako, jiulize kwanza unawasimulia watu gani, ndipo uchague kitenzi. Sikio pia litakusaidia, maana katika maana ya mazoea na ya kuzoea, "used" hutamkwa kwa sauti ya "s", kama silabi ya mwisho ya neno "basi" iliyokatwa irabu, na "d" yake humezwa na "t" inayofuata. Katika maana ya kutumiwa hutamkwa kwa sauti ya "z", na "d" husikika.

Inabaki sentensi ya pili, na pamoja nayo lile ulilofundishwa shuleni kwamba "would" na "used to" ni kitu kimoja. Wanaofundisha hivyo hawakosei kwa yote, kwa sababu pako mahali ambapo maneno hayo mawili hubadilishana bila maana kuharibika. Lakini mahali hapo ni padogo kuliko wanavyodhani.

Sikiliza jinsi mzee wa kwetu Tanga anavyosimulia. Ataanza hivi: "Zamani baba yangu alikuwa akienda kuvua Tongoni." Akishaufungua mlango huo, hatarudia "alikuwa" katika kila sentensi. Ataendelea: "Huamka alfajiri, huswali, hubeba nyavu zake, kisha huteremka pwani." Kiambishi "hu-" hakina wakati wala nafsi ndani yake, huegemea wakati uliokwisha kutajwa. Peke yake, bila "zamani" na bila "alikuwa", ungedhani mzee anazungumzia mambo ya siku hizi. "Would" ya mazoea hutenda kazi kwa namna inayokaribiana sana na hiyo. Huhitaji mlango uliokwisha kufunguliwa, na anayeufungua mara nyingi ni "used to", au wakati uliopita wa kawaida, au maneno yanayotaja enzi. Ndiyo maana msimulizi mzuri wa Kiingereza husema: "Caravans used to come here from Tabora and Ujiji. The porters would put down their loads, and they would rest for some days before the journey home." Neno la kwanza limeuweka wakati, na yanayofuata yanautegemea. Ukijaribu kusema "used to" katika kila sentensi hutakuwa umevunja sheria, lakini masikio ya msikilizaji yatachoka, kama yangechoka kusikia "alikuwa" mara kumi mfululizo.

Bila mlango huo, "would" hupotea njia. Mtu akikuambia ghafla "I would go to Zanzibar by dhow", hutasikia mazoea hata kidogo; utasikia "ningeenda", kana kwamba amekosa nauli au upepo. Hiyo ndiyo maana ambayo masikio ya Kiingereza huikimbilia kwanza pasipokuwa na wakati uliotajwa.

Mfanano na "hu-" unakoma mahali pamoja, nawe ndipo ulipoangukia. Sisi twaweza kusema "hupenda", "huwa", "huwa na", na hakuna anayeshangaa. "Would" ya mazoea haitaki vitenzi vya hali, yaani vile visivyosema mtu alitenda nini bali alikuwa nani, alikuwa na nini, alijua au aliamini nini. Hutaka kitendo kinachoweza kuanza, kuisha na kuanza tena. Kwa hiyo husema "There used to be a market here", si "There would be a market here". Na "The merchant used to own three houses", si "would own". Vitendo, kama kufika, kuimba, kutua mzigo na kupika, vyote "would" huvikaribisha. Hali huachiwa "used to" na wakati uliopita wa kawaida.

Mji kuwa makao makuu ni hali. Uliposema "Bagamoyo would be the capital", yule mama hakuweza kuisoma kama mazoea, akaisoma kwa maana nyingine ambayo "would" inayo, ile ya jambo lililokuwa bado mbele ukilitazama kutoka zamani: "Bagamoyo ilikuwa ije kuwa makao makuu". Huenda alisubiri umwambie ni mwaka gani ilipokuja kuwa, ilhali wewe ulitaka kumwambia kwamba ilikuwa, kisha ikaacha kuwa. Makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891. Kwa hiyo "Bagamoyo used to be the capital of German East Africa" ni sawa, na "Bagamoyo was the capital until 1891" ni bora zaidi, kwa kuwa umetaja mwisho wa hali hiyo na mgeni ameondoka na mwaka kichwani. Ile "would" uliyoitumia inafaa kwa mji wa pili: "In 1891 the Germans moved to Dar es Salaam, which would remain their capital until the war." Hapo umesimama mwaka 1891 na kutazama mbele.

Nikushauri jambo moja la kazi. Andika maelezo yako ya kituo kimoja tu, labda ile nyumba ya misafara, yasizidi sentensi nane. Fungua kwa "used to", endelea kwa "would" mahali penye vitendo, na kila penye mwaka au hesabu uweke wakati uliopita wa kawaida. Yasome kwa sauti mpaka yakae ulimini, ndipo uhamie kituo cha pili.

SWALI: Mwalimu, salaam. Nafundisha shule ya sekondari hapa Tanga, na darasani mwangu umezuka ubishi. Niliandika ubaoni "Tanga didn't use to have so many bodaboda", mwanafunzi mmoja akasimama na kusema kwamba herufi "d" imesahauliwa, kwa kuwa yeye huiona "didn't used to" mara nyingi. Nani yuko sahihi? — Mwalimu, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Ulichoandika ubaoni ni sahihi, mwalimu mwenzangu, na mwanafunzi wako naye hakusema uongo kuhusu alichokiona. Watu wengi huandika "didn't used to", hata wenye lugha yao, kwa sababu ambayo nimekwisha kuitaja hapo juu: "d" humezwa na "t", na sikio halipambanui maumbo hayo mawili. Lakini katika mtihani na katika maandishi rasmi fuata "didn't use to".

Sababu yake unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa Kiswahili. Tunasema "nilienda", lakini tukikanusha tunasema "sikuenda". Hakuna asemaye "sikulienda", kwa maana "ku" imekwisha kuubeba wakati uliopita na "li" haina kazi tena. "Did" ni kama "ku" hiyo. Ikishaingia katika sentensi, iwe ya kukanusha au ya kuuliza, wakati uliopita umo ndani yake, na kitenzi kinachofuata huvua alama yake: "Did people use to cycle to work?" Katika sentensi ya kukubali, ambamo "did" haimo, alama hurudi: "People used to cycle to work." Mfano huu wa baiskeli utaeleweka upesi na watoto wa Tanga, ambao babu zao walikwenda nazo kazini, sokoni na msikitini.

Kwa wanaotaka kuukwepa ubishi wenyewe, ipo njia ya heshima: "never used to". "Tanga never used to have so many bodaboda" haina "did" ndani yake, na "d" hukaa pale bila mashaka. Katika maandishi ya zamani ya Kiingereza utakuta pia "used not to"; ni sahihi, ila siku hizi husikika kuwa ya rasmi mno, nami siwashauri wanafunzi waitumie katika insha za kawaida.

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu wa kidato cha pili aliandika katika insha "I use to wake up at five", akakatwa alama. Anasema alitaka kusema kwamba kila siku huamka saa kumi na moja alfajiri. Kosa liko wapi? — Mama, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Binti yako ameitafuta "hu-" katika Kiingereza, na alipoona kwamba "used to" ni ya mazoea ya zamani, akaiondolea "d" ili apate mazoea ya leo. Ametumia akili, wala usimkemee. Zamani Kiingereza kilikuwa na umbo hilo hasa. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi ya 119, mstari wa 132, mna maneno "as thou usest to do", yaani kama ufanyavyo siku zote. Lakini umbo hilo la wakati uliopo limekufa, likabaki la wakati uliopita peke yake. Mazoea ya leo husemwa kwa kitenzi kitupu cha wakati uliopo, na ukitaka kusisitiza huongezwa "usually": "I wake up at five", "I usually wake up at five".

Asichanganye na "I am used to waking up at five", ambayo ni "nimezoea kuamka saa kumi na moja". Hiyo haimwambii mwalimu kwamba anaamka saa hiyo kila siku. Inamwambia kwamba kuamka mapema hakumsumbui tena. Baada ya "am used to" huja jina, au kitenzi chenye "-ing", kamwe si kitenzi kitupu. Na kama bado kuamka kunamsumbua lakini anaanza kuzoea, aandike "I am getting used to it".